Saa Nane Niliyoikisia

Iko Alhamisi moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa umeniuliza mbona nakusumbua kila siku na vifupisho na nukta katika habari zako, kaa hapa nikusimulie. Chai itapoa, lakini tutaagiza nyingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Machakos na cheti changu cha uandishi wa habari, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Kabiria, na nimeajiriwa na gazeti la Kiswahili lililokuwa na ofisi ghorofa ya tatu, si mbali na soko la jiji. Najiona nimefika. Jina langu lilikuwa limetokea gazetini mara tatu, na kila mara mama yangu alikata ukurasa huo akaubandika ukutani.

Habari zetu zote zilipitia kwa Bi Shirin. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri msanifu, yaani yule anayezisoma na kuzinyoosha kabla ya kwenda kuchapishwa. Wazazi wake walikuwa Wahindi, naye alizaliwa na kusomea Mombasa, akaolewa mtaa wa Parklands na kuishi huko. Nitakuambia kweli ijapokuwa inaniaibisha: siku ya kwanza nilipomwona nilijiuliza, Mhindi atanifundisha nini mimi kuhusu Kiswahili? Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimejibiwa.

"Mwende, hebu njoo," aliniita. Alikuwa ameshika habari yangu ya ajali. "Umeandika 'marehemu alifariki akielekea kazini.' Huyu alikufa mara ngapi?"

Waliokuwa meza za karibu wakacheka. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu.

"Mtu huwa marehemu akishakufa," alisema, bila kucheka. "Mwambie msomaji jina lake na alikuwa nani. Halafu umwambie alifariki. Mara moja yatosha."

Kisha akanipa kanuni za mtindo wa gazeti: karatasi arobaini hivi zilizopigwa chapa na kubanwa kwa pini, pembe zake zimekunjamana kwa kushikwashikwa. Nambari moja hadi tisa ziandikwe kwa maneno, kumi na kuendelea kwa tarakimu. Neno "daktari" lifupishwe hivi na si vile. Kifupisho cha shirika kisitumike kabla jina lenyewe halijatajwa kikamilifu, maana si kila msomaji anakaa mjini. Ni "halafu," si "harafu." Ni "takriban," bila i mwishoni. Na ukurasa wa kumi na kitu, palikuwa na kanuni ya saa: saa zote ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili, na kipindi cha siku kitajwe, asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Sisi vijana tulizicheka kanuni zile. Tuliona ni mambo ya mtu asiyetoka ofisini, asiyejua jasho la kutafuta habari. Nilizikariri ili nisiitwe tena mbele ya watu, basi.

Sasa ile Alhamisi. Ilikuja faksi kutoka kwa jumuiya moja ya Parklands iliyokuwa ikiwaleta madaktari wa macho kutoka nje. Wangewapasua bila malipo watu wenye mtoto wa jicho, kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Wagonjwa wote wangeandikishwa Jumamosi, na nafasi zilikuwa na kikomo. Faksi ilikuwa ya Kiingereza, na penye saa ya kuandikisha paliandikwa nane hadi kumi. Asubuhi au mchana, haikusema.

Unajua tunavyohesabu sisi. Nane ya asubuhi ya Mwingereza ni saa mbili yetu. Mimi nilijua hilo tangu darasa la pili. Lakini siku hiyo kulikuwa na mkutano wa waziri na wanahabari kwenye hoteli moja kubwa, na nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya ukurasa wa kwanza. Mawazo yangu yalishafika hotelini. Nikaandika "saa nane hadi saa kumi" kama nilivyoiona, nikabeba mkoba.

Bi Shirin akanisimamisha mlangoni. "Mwende, saa nane ipi hii? Kanuni yataka kipindi cha siku."

"Mchana," nikasema.

"Umewapigia simu?"

Nambari ya simu ilikuwa chini ya faksi ile ile. Simu ya ofisi ilikuwa mkononi mwa mwenzetu wa michezo, na ningelazimika kumngoja. Saa nane hadi saa kumi mchana zilisikika kwangu kama saa za kawaida kabisa, saa ambazo watu wazima hufanya mambo yao.

"Ndiyo," nikasema. "Nimewapigia."

Akaandika "mchana" kwa kalamu nyekundu. Nikashuka ngazi mbio.

Habari ya waziri ilitoka ukurasa wa sita, aya mbili, bila jina langu. Ya macho ilitoka ukurasa wa tatu, na jina langu juu yake.

Jirani yangu pale Kabiria alikuwa Mama Wanza, mjane aliyeshona sare za shule kwenye kibanda mbele ya ploti yetu ya nyumba za kupanga. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, la kulia zaidi ya la kushoto. Kila nilipotoka kazini mapema alinipa sindano kadhaa nimtungie uzi, azichome kwenye kitambaa zimtoshe hadi kesho yake. Ijumaa ile jioni nilimpelekea gazeti mwenyewe, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamsomea kwa sauti. Nilijivuna, sitaficha.

"Saa nane mchana?" akauliza.

"Saa nane mchana, mama."

"Basi nitafua asubuhi nimalize, ndio nitoke nikiwa na nafasi."

Jumamosi nilimwona akiondoka, amevaa gauni lake la kanisani, ameshikwa mkono na mwanamke wa nyumba ya tatu. Nikawapungia mkono.

Walirudi kabla jua halijazama. Mama Wanza aliketi kwenye kigoda bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Tulifika hata kabla ya saa," alisema. "Askari wa langoni akatuambia waliandikisha saa mbili asubuhi. Nafasi iliisha kitambo. Kulikuwa na watu wengi kama sisi hapo nje, wengine wametoka Kangemi, wengine hata sijui wapi. Wote wanasema saa nane." Akatikisa kichwa. "Nimefikiria njia yote. Mwende, wewe ulinisomea poa. Ni mimi nilisikia vibaya. Macho imeenda, sasa hata masikio."

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu au manne. Nikasema, "Pole, mama." Nikaingia chumbani kwangu na kujifungia.

Jumatatu nilifika ofisini nikiwa nimejitayarisha kueleza jinsi faksi ilivyokuwa mbaya. Bi Shirin alikuwa ameketi, kalamu iko mezani, hajaigusa kazi yoyote. Wifi yake alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuandikisha wagonjwa. Alijua kila kitu tangu Jumamosi.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Ulipiga simu?"

"Sikupiga."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Ungeniambia hujui, mimi ningepiga mwenyewe. Ni dakika mbili. Lakini uliniambia unajua, na mimi nikakuamini, nikaandika kwa mkono wangu. Sasa ni uongo wetu sote wawili."

Nilianza kulia. Akanisukumia karatasi tupu. "Machozi baadaye. Andika masahihisho."

Niliandika kwamba kutokana na hitilafu za kimitambo, saa ya shughuli fulani ilitolewa kimakosa, na kwamba gazeti lilisikitikia usumbufu wowote uliotokea.

Alisoma akaweka chini. "Mtambo gani ulioharibika?"

Akaweka kidole kwenye mstari uliofuata.

"Shughuli gani hiyo fulani? Na huu usumbufu ni upi? Usumbufu ni kuchelewa basi. Hawa wamekosa matibabu. Andika kilichotokea, kwa maneno ambayo wale watu wenyewe watayaelewa."

Niliandika mara nne. Ya nne ilitoka kesho yake, fupi hivi: kwamba Ijumaa tulisema wagonjwa wa macho wangeandikishwa Parklands saa nane mchana, kwamba ilikuwa saa mbili asubuhi, kwamba mwandishi wetu hakuthibitisha, kwamba tunawaomba radhi waliofika wakakosa nafasi. Mhariri mkuu hakupenda ile sehemu ya mwandishi kutothibitisha. Bi Shirin akamwambia ama itoke yote ama yeye atampa barua yake ya kujiuzulu. Ikatoka yote.

Nilidhani tumemaliza. Lakini yule askari wa langoni alikuwa ameandika majina ya waliochelewa kwenye daftari lake, na mitaa wanakotoka, na simu kwa wachache waliokuwa nazo, ili watu hao wakumbukwe madaktari wakirudi. Bi Shirin alipata nakala kupitia kwa wifi yake, akaiweka mezani kwangu.

"Gazeti la jana ni la kufungia nyama leo," alisema. "Huwezi kujua kama wameona. Waendee."

Nilizunguka mitaa ya Kawangware, Riruta na Kangemi kwa wiki tatu, baada ya kazi na siku za mapumziko. Kwanza nilimuuliza kila mmoja jina lake linavyoandikwa, maana askari aliandika alivyosikia, na orodha ile ndiyo ingetumika kuwaita. Kisha nikasema nilichofanya. Wengi walinisikiliza wakasema sawa. Mmoja alifunga mlango. Mzee mmoja wa Kangemi, aliyewahi kuwa tarishi wa ofisi ya serikali, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi sina shida na saa, msichana. Shida yangu ni moja. Kijana wangu aliniambia tupige simu kwanza tuulize. Nikamwambia ya nini, imeandikwa kwa gazeti."

Mama Wanza nilimwacha wa mwisho, ijapokuwa kibanda chake kilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Nilimkuta akipapasa pindo kwa kidole gumba, kuona kama limenyooka.

"Mama, hukusikia vibaya," nikamwambia. "Nilikusomea nilichoandika, na nilichoandika ni uongo. Sikuuliza."

Aliacha kupapasa. "Kumbe masikio yangu iko sawa," akasema, na nikaona kweli amefurahi. Kisha uso ukabadilika. "Lakini Mwende. Karibu mwezi mzima uliniona hapa na ukanyamaza? Nilikuwa nimeanza kuogopa hata kuvuka barabara peke yangu."

Akarudi kwenye pindo lake.

Aliendelea kunisalimia kila asubuhi. Kutunga uzi, alianza kumwomba yule mwanamke wa nyumba ya tatu. Kabla ya mwaka kwisha, shule iliyokuwa ikimpa kazi ya sare ilimpa fundi mwingine, kwa sababu mishono ilikuwa imeanza kwenda upande. Madaktari walirudi mwaka uliofuata. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, limeandikwa sawasawa, na nilimpeleka mwenyewe tukafika saa moja asubuhi. Jicho la kushoto lilipona, akarudi kushona, lakini mapazia na nguo zinazohitaji kupanuliwa kiuno tu, maana shule haikurudi. La kulia walimwambia limeharibika kwa ndani, haliwezi kurekebishwa. Kama ule mwaka mmoja ndio uliolimaliza, sijui. Daktari hakusema, nami sikuthubutu kumuuliza, mimi niliyekuwa nimejifunza kuuliza.

Bi Shirin nilifanya naye kazi miaka mitano zaidi. Hakuitaja tena siku ile hata mara moja. Lakini kila nilipomletea habari yenye saa aliniuliza umepiga simu, na kila mara nilimwonyesha kwenye daftari langu jina la mtu niliyezungumza naye. Alisoma jina hilo. Hakuridhika na neno langu tena, na sikumlaumu.

Sasa nikuambie ninalotaka ulibebe, mwanangu. Umeingia kazi hii ukiwa na haraka kama mimi, na umeona kanuni za mtindo kama vizingiti vya kukuchelewesha. Nimekuona jana ukijaza cheo cha mtu kwa kukisia, kwa sababu kanuni ilitaka cheo. Nakuambia kanuni ile ya saa niliitimiza. Ilitaka kipindi cha siku, nikaipa kipindi cha siku, na hakuna mtu ambaye angepata kasoro kwenye ukurasa. Usijifunze kanuni kwa namna hiyo. Kila kanuni ni swali unalotakiwa kwenda kumuuliza mtu. Inaposema andika jina kikamilifu, inakuuliza kama umemuuliza mwenye jina. Inaposema usitumie kifupisho kabla ya kukieleza, inakuuliza kama wewe mwenyewe unajua kirefu chake. Usipojua, sema sijui, mbele ya watu ikibidi. Utachekwa kidogo, na aibu hiyo utaisahau kabla ya mwezi kuisha. Ukikosea, sahihisha siku hiyo hiyo, kwa maneno wazi, na uwaendee uliowaumiza kabla hawajaanza kujilaumu wenyewe.

Mungu akujalie subira ya kungoja simu ikiwa mkononi mwa mwenzako. Akupe mhariri wa kukuuliza mara ya pili, na moyo wa kumjibu kweli. Na watakaokusoma, wale wasio na njia ya kuhakikisha wenyewe, wafike waendako wakute mlango uko wazi. Nenda salama, mwanangu, na huyo mtu wa cheo, mpigie kabla hujaketi.