Mtambo wa Makaa na Kibuyu cha Mbege

Juzi nilikuwa ofisi ya kata, huku Rau, ambako bwana mmoja mwenye tai alikuja kutuomba saini. Kampuni yake inataka kujenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, kando ya mashamba yetu ya mpunga. Alituahidi kwamba umeme hautakatika tena. Kisha akatoa bonge la makaa tulione, amelishika kwa karatasi laini, kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetupa panya aliyekufa.

"Vumbi lake halitawafikia," akasema.

Mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na kiwanja cha mtambo huo akasimama. "Baba, huku kwetu anayemkaribisha mgeni kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja yeye kwanza, mgeni ajue haina sumu. Mtambo ukishajengwa, wewe utaishi wapi?"

"Kibosho, kule mlimani," akajibu haraka mno. "Mke wangu ana pumu, anahitaji hewa ya kule juu."

"Mpe pole," mama akasema, akaketi.

Nimechekesha watu jukwaani miaka mingi, lakini sijawahi kunyamazisha ukumbi kwa maneno mawili. Umeme tunautaka, jamani. Mimi mwenyewe nanyoa ndevu gizani, na uso wangu ni ushahidi. Ila mpishi akienda kula kwa jirani, mimi sahani naiweka chini.

Fomu ilizunguka mabenchi yote, ikamrudia yule bwana wa tai bila saini hata moja, na kalamu bado ina kifuniko chake.