Posa ya mdogo wangu ilikwama kwa kukosa ukoo, nikamtafuta babu kwenye vitabu vya serikali na kanisa

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko shambani na mlioko ofisini mnaosoma uzi huku bosi kawapa mgongo.

Hii ni ya kwangu mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Majina mengi nimeyabana kwa sababu Mbinga ni ndogo na watu wangu wana simu. Mengine yako kama yalivyotokea. Na kabla hamjaanza kuniita jembe, mimi ni mwanamke, nauza vifaa vya ujenzi mjini, na mdomo ninao.

Kwetu ni Mpepai. Kahawa, mahindi, maharage. Baba yangu kazaliwa pale na kazeekea pale, mama yake Mmatengo wa pale pale.

Ila baba yake, yaani babu yangu Barnaba, alikuja akiwa kijana, akaoa, akafariki Baba akiwa bado ananyonya. Bibi alituachia kitu kimoja tu: mumewe alitoka ziwani, na hakuacha kulalamikia ugali wa mahindi, alitaka wa muhogo. Basi. Ziwani wapi, kwa nani, Bibi kaondoka nayo.

Kwetu kukosa ukoo wa baba si jambo dogo. Kwenye vikao vya msiba Baba akitaka kuongea, lazima mtu amkumbushe kwamba yeye ni wa kuja. Mtu ana mvi kichwa kizima, bado mgeni. Yeye hucheka, lakini namjua baba yangu akicheka kwa uchungu.

Sasa mdogo wangu wa kiume akapata mchumba kule Ruanda, hii ya hapa hapa Mbinga. Tukapeleka posa. Baba mkubwa wa binti akauliza swali la kawaida kabisa: nyie ni ukoo gani, wa wapi, tusije tukaozesha ndugu kwa ndugu.

Baba akataja ukoo wa mama yake. Akaambiwa huo tunaujua, tunauliza wa baba yako.

Baba akakiri huo haujui.

Yule mzee akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, kwamba hawezi kumtoa mtoto kwa watu ambao haijulikani walikotoka. Tumlete hata ndugu mmoja wa upande wa babu, ndipo tuongee upya.

Njia nzima Baba alitangulia mbele. Tulipofika nyumbani akamwambia mdogo wangu, "Nisamehe mwanangu, nimekutia aibu."

Wakuu, nilichemka. Baba yangu anaomba radhi kwa kuzaliwa?

Nikaanza kusaka. Na Mmatengo akisaka mtu anaanzia parokiani. Babu alifunga ndoa kanisani kwetu, na kitabu cha ndoa kipo, kina jina lake na la baba yake. Ila mahali pa kuandika alikobatizwa pameachwa wazi. Nikasema hakuna neno, atakuwa alibatizwa akiwa ameshapanda huku, parokia nyingine ya huku huku juu.

Nikazunguka parokia baada ya parokia. Akina Barnaba wapo tele, ila hakuna hata mmoja ambaye baba yake ana jina lile. Makatekista wakanizoea. Mume wangu akaanza kuniuliza kama nataka kuingia usista.

Aliyenifungua macho ni mteja wangu, mzee wa Kiislamu kutoka Singida aliyestaafu halmashauri na kubaki huku. Alinicheka kwanza. Akasema, "Dada, nyie mnadhani mtu huandikwa kanisani tu? Mkoloni hakumwacha mtu bila kodi."

Vitabu vya kodi ya kichwa! Vipo wakuu, vile vilivyonusurika na mchwa. Barua ya mtendaji wa kata, barua ya halmashauri, nenda urudi kesho, mpaka nikakaa mbele ya kitabu chenyewe kwenye ofisi ya kumbukumbu za zamani. Walipakodi wamepangwa kwa jumbe, yaani mkuu wa kijiji wa enzi hizo. Nikafika kwa jumbe wa kwetu, nikashuka na kidole taratibu.

Babu huyu hapa. Jina la baba yake lile lile. Na pembeni, kwa wino uliofifia: ametoka Liuli.

Nililia pale pale. Dada wa masijala akakivuta kitabu pembeni nisije nikakilowesha.

Mnaoijua Liuli mmeshacheka. Iko kule kule ziwani, na ni misheni ya Kianglikana ya tangu zamani. Sisi tumepekua kila kitabu cha Kikatoliki milimani, na haikutupitia akilini hata siku moja kwamba mtu wa ukoo wetu angeweza kubatizwa kwingine. Ndivyo tulivyo huku, Ukatoliki tunauona kama mvua, umemnyeshea kila mtu.

Baba nilipomwambia aligoma. "Baba yangu alizikwa na padri."

Nikamjibu kuzikwa ni mwisho, mimi natafuta mwanzo.

Tukashuka watatu, Baba, mdogo wangu na mimi, mpaka Mbamba Bay, halafu tukashika njia ya Liuli. Baba akakataa kuingia ofisini kwa Waanglikana. Akakaa kwenye benchi la nje na rozari mkononi, kama analinda mpaka.

Mama anayetunza vitabu akatafuta, akapata. Akasoma: Barnaba. Jina la baba, lile lile. Mama yake, Miriamu.

Nikageuka, Baba yuko mlangoni.

"Soma tena hapo kwa mama," akasema.

Hakuwahi kusikia jina la bibi yake maisha yake yote. Yule mama akamsomea tena, polepole, na Baba akalirudia kwa midomo tu.

Kisha yule mama akauliza, "Mbona watu hawa wapo? Mtoto wao anaendesha bodaboda hapa." Akampigia simu.

Akaja mwanaume wa makamo, kofia ngumu mkononi, akamwamkia Baba. Tukamweleza sisi ni nani. Akasema yeye ni mjukuu wa kaka wa babu yetu, na anaitwa Barnaba. Alipewa jina la yule aliyepanda milimani asirudi, lisije likapotea.

Na aliyepewa jina la mtu hubeba na heshima yake. Shangazi zake wazee humwita baba.

Baba yangu, mzee mzima, akavua kofia yake. "Shikamoo, baba."

Yule akataka kucheka. Akatutazama tulivyo, akaacha. "Marahaba, mwanangu."

Mdogo wangu akatoka nje kulia. Mimi nililia ndani, sina aibu.

Niwaambie nilichojifunza. Ukitafuta watu wako, usianze na kile unachojivunia, kinakuziba macho. Na vitabu vya serikali msividharau, mkoloni alitaka kodi lakini bila kujua alitutunzia wazee.

Posa ya pili tulipanda na watu wa Liuli, na samaki wakavu wa kutosha. Baba mkubwa wa binti akauliza tena, ukoo wenu ni upi?

Baba akasimama, akamshika mkono yule mwendesha bodaboda.

"Baba yangu ndiye huyu. Muulizeni yeye, mimi hapa ni mtoto tu."

Barnaba akautaja ukoo, mtu kwa mtu, hadi wenyeji wakasema inatosha. Vigelegele vikaanzia jikoni. Harusi imeshapita, na kwenye vikao vya msiba Mpepai tatizo letu sasa ni kumnyamazisha Baba.

Haya, mwenye mtu wake aliyepotelea milimani au ziwani aandike hapa chini. Na wewe uliyezoea kuwaambia wenzako ni wa kuja, andika pia, tukusikie.