Barua kwa Mwalimu wa Shamba Lingine

Kwa miaka mitano nilifundisha watoto wa watu wasiokaa. Wazazi wao walikuwa vibarua wa mashamba ya wazungu kando ya njia ya Kasenga, nje ya mji wa Élisabethville, huko Kongo: msimu huu kupalilia mahindi hapa, msimu ujao kuchimba viazi kule. Mapadri walinituma huko nikiwa kijana wa mjini, mzaliwa wa kambi ya reli, na mali yangu yote ilikuwa jozi moja ya viatu na Kifaransa nilichojivunia kupita kiasi. Nilipewa kanisa dogo la udongo liwe darasa, na chumba nyuma yake kiwe nyumba. Nikajiambia nitakaa mwaka mmoja tu. Wapi!

Upweke wa mahali pale sikuwa nimeuzoea. Vibarua walinipa heshima, na heshima ile ilinitenga nao. Nikipita karibu na moto wao jioni, mazungumzo yanakatika, mama mmoja anainuka kunipa kigoda, kisha wote wanangoja niondoke ili waendelee kucheka. Mzungu wa shamba naye hakunisalimu. Kwake mimi nilikuwa mtu wa kuwachelewesha watoto kwenda kufukuza ndege. Basi nilikula bukari, ugali wetu wa kule, na samaki mkavu peke yangu, nikaongea na sufuria. Sifanyi mzaha. Niliongea nayo kweli, na kuna siku tuligombana.

Kila baada ya mavuno kamyo, lori la mashamba, ilikuja kuwabeba. Leo darasa limejaa kelele, kesho nimebaki na mabenchi. Mwaka wa kwanza nililia, sina haja ya kuficha. Mwaka wa pili nikapata akili: kila mtoto anayeondoka atabeba barua kwa mwalimu wa shamba aendako, barua ya kueleza amefika wapi katika masomo, ili asirudishwe mwanzo kila mara. Niliziandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kupendeza. Humo nilitia na habari zangu mwenyewe: mvua ilivyotutesa, vitabu nilivyokosa, salamu kwa mwenzangu nisiyemjua. Ningemwandikia nani mwingine? Nilizifunga vizuri, nikawapa wazazi mkononi, nikaanza kungoja majibu.

Hakujibu hata mmoja. Miaka miwili niliandika, miaka miwili kimya. Niliwachukia walimu wale bila kuwaona. Watu wa maringo gani hawa, hata salamu hawarudishi? Nikawatungia majina ambayo hayafai kutajwa karibu na kanisa.

Mwaka wa nne, na mvua za kwanza, kamyo ilirudisha familia moja niliyoifahamu: baba mrefu mwenye maneno machache, mama, na binti yao wa pekee. Binti yule aliondoka kwangu akisoma Kiswahili bila kukwama. Sasa aliingia darasani, akaenda moja kwa moja kwenye benchi ya mbele, akakaa katikati ya watoto wanaojifunza a, e, i, magoti yamemsimama kama ya panzi.

"Weye unafanya nini pale?" nikamuuliza.

"Hii njo pahali pangu, Mwalimu," akasema. "Kule tulienda, mashamba yote mbili, banarudisha miye pa mwanzo. Banasema, asiye na karatasi aende na batoto badogo."

"Karatasi si nilikupatia!"

Akainamisha kichwa. "Mama aliichoma."

Hasira iliyonipanda, Mungu anisamehe. Masomo yalipokwisha nilimfuata mama yake, nikamkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo, nikamuuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda. Hakuogopa. Aliweka mtwangio chini, akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Kila mfanyakazi ana buku yake, kijitabu cha kazi, na siku ya kuondoka mzungu anaandika neno ndani. Mwenye buku hajui limeandikwa nini. Anaipeleka kwa mzungu mwingine, yule anasoma, anamtazama usoni, na pale ndipo mtu anapojua kama ana bahati au hana.

"Karatasi ya kutoka kwa bwana moja kwenda kwa bwana ingine haijatuleteaka heri, Mwalimu," akasema. "Tuliogopa umeandika mutoto iko mubaya. Bamama bote tulichoma."

Kumbe! Barua zangu zote zilipikia sombe. Nilitaka kucheka nikashindwa. Aibu ilinishika kuliko hasira: niliandika kwa lugha wasiyoijua, nikafunga, nikawaambia wabebe, sawasawa na yule mzungu. Na wale walimu niliowatukana hawakuwa na kosa lolote.

Binti hakuwa na muda wa kupoteza tena. Masista wa mjini walikuwa wakipokea wasichana wachache wa kulala shuleni, kila mwaka mahindi yakishavunwa. Walitaka msichana ajue kusoma, asiwe amepita umri, na baba yake mwenyewe amlete, mkononi ana karatasi ya mwalimu. Kwa umri wake mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Akiukosa, kilichobaki ni jembe na kamyo. Msimu mzima nilimfundisha kila alasiri mlangoni pa kanisa, mama yake akikaa pembeni akichambua maharagwe, na nakiri kwamba saa zile ndizo pekee ambazo sikujisikia mtu aliyesahauliwa.

Siku mbili kabla ya kamyo kuja, niliandika barua kwa Kiswahili, nikaenda kumsomea baba yake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Njo yote iko ndani? Hakuna kintu ingine kule chini?"

"Njo yote, Baba."

"Hata ule muzungu mwenye kuandika alinisomeaka buku," akasema, "tena na kucheka. Sijue kama alisoma ile iko ndani."

Nikampa binti ile barua. "Soma weye."

Akasimama, akasoma: "Mtoto huyu anasoma vizuri. Anauliza maswali mpaka mwalimu wake anachoka. Nawaomba mumpokee." Mama yake alijifunika mdomo kwa kitenge. Baba akamwambia asome tena. Akasoma tena. Mzee akaingia ndani, akatoka na buku yake iliyofungwa kwa kitambaa, akaifungua mbele ya mtoto wake.

"Basi soma na hii."

Ilikuwa kwa Kifaransa. Binti alijikokota silabi kwa silabi bila kuelewa, kisha wote watatu wakanigeukia. Nikachukua buku. *Mvivu. Mkaidi. Afaa kazi za siku chache tu.* Nikaelewa kwa nini walikuwa wakihamahama kuliko wengine. Nikaelewa pia kwamba nikilisoma neno lile, hakuna karatasi itakayotoka tena katika nyumba ile, na binti atapanda kamyo.

"Imeandikwa, muntu wa kazi," nikasema. "Muntu wa kuaminiwa."

Mzee alicheka! Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku ile. Kesho yake alitoka alfajiri na binti kwa miguu mpaka mjini, barua mkononi, na masista wakampokea.

Mengine niliyasikia baadaye, kutoka kwa vibarua. Mzee hakurudi kupanda kamyo. Alikwenda kwenye shamba kubwa karibu na mji, ili awe jirani na mtoto wake, akampa mzungu ile buku kwa mikono miwili, kifua mbele. Mzungu akasoma, akaitupa chini, akamfukuza mbele ya watu.

Nilikaa na habari ile mwaka mzima, sikuwa na wa kumwambia. Siku nilipopata ruhusa ya kwenda mjini, nilipita kwa masista. Binti alikuwa amenenepa kidogo, kitambaa cheupe kichwani. Nikamuuliza habari za baba.

"Papa na mama bako Kasenga. Anapakiaka samaki. Kule habaulizake buku." Akakaza kitambaa chake. "Mbele ya kwenda, alipita hapa nayo. Alisema, soma tena, sasa masista banakufundisha Kifaransa."

Nikatazama viatu vyangu. "Ukasoma?"

"Nilisoma. Nilisikia maana yote, Mwalimu."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimuambia kama vile ulimuambiaka. Muntu wa kazi. Muntu wa kuaminiwa. Alifurahi, akaifunga mu kitambaa, akaenda nayo."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya darasani: "Mwalimu, nilifanya mubaya?"