Konstebo Mstaafu na Marobota ya Guangzhou

Siku yangu ya kwanza kazini niliripotiwa polisi. Nilikuwa nimevaa sare mpya, kofia ndefu kichwani na filimbi kifuani, nikipita katika kijiji kimoja cha mashariki ya Uingereza, bibi mmoja akapiga simu kituoni kusema kuna Mwafrika ameiba nguo za askari. Sajenti wangu alikuja kwa baiskeli, uso umemwiva kwa mbio, akamwambia, "Huyu ni wetu." Bibi alinitazama toka kofia hadi viatu. "Una hakika?" aliuliza. Sajenti alinigeukia mimi. "Mtazame vizuri," akasema. "Haamini mpaka athibitishiwe. Nataka na wewe uwe hivyo."

Nilizaliwa Tanga, nikaenda Uingereza kusomea ufundi wa mitambo, nikaoa, na mitambo nikaiacha nikaingia upolisi. Kaunti kule ni kama mkoa, na kila kaunti ina polisi wake. Konstebo ndiye askari wa cheo cha chini kabisa, nami nilibaki konstebo mpaka nikastaafu.

Vijana huniuliza kazi ilikuwaje. Ilikuwa kutembea. Ulipewa lindo, yaani eneo lako, ukalizunguka kwa miguu au baiskeli. Simu za mkononi hazikuwapo, kwa hiyo tulikuwa na kitu tulichokiita pointi: saa uliyopangiwa unasimama kando ya kibanda fulani cha simu, sajenti akikutaka akukute hapo. Theluji ianguke, wewe umesimama. Ukisimama hivyo unajua nani hupita wapi, na siku akibadili njia unaanza kujiuliza.

Kutoka kijijini nilihamishiwa mji mdogo wa bandari, chini ya inspekta mmoja mkimya aliyenifundisha kuhoji. "Usimuulize mtu kama ameiba," aliniambia. "Muulize siku yake ilikwendaje, halafu nyamaza." Kituo changu cha mwisho kilikuwa kando ya barabara kuu ya malori, na huko nilishughulika sana na wizi wa mizigo.

Nilistaafu miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mke wangu ameshafariki. Ndipo mpwa wangu Rehema, mtoto wa dada yangu, akanipigia simu kutoka Guangzhou, Uchina, alikokuwa akinunua nguo za kupeleka Dar es Salaam.

"Mjomba, kuna mtu ananimaliza huku," alisema. "Nanunua mashati mazuri, nayaona kwa macho yangu yakifungwa. Yakifika Dar, robota likifunguliwa, mikono hailingani, mengine yameungua pasi. Safari hii nimenunua kwa mkopo. Yakiharibika tena, sina duka."

Nilikwenda. Rehema alikuwa na mshirika, Hamidu, mtu wa Dar, mcheshi, tuliyekula naye kila jioni kwenye mkahawa wa Waislamu wa Kichina karibu na mtaa wa Xiaobei. Rehema alikuwa pia na mkalimani, Lin, mwanamke wa Kichina aliyetoka kijijini mbali, asiye na kibali cha kuishi mjini, ambacho kule hata mwenyeji alitakiwa kuwa nacho. Lin ndiye aliyesimamia ufungaji ghalani, na Rehema alikwisha kumhukumu.

"Ni yeye, Mjomba. Nani mwingine anabaki na mzigo? Kesho naenda polisi."

"Ukienda polisi watamkamata kwa kukosa kibali kabla hawajauliza habari za mashati," nilimwambia. "Nipe muda."

Mbele ya ghala kulikuwa na duka la chai, na pembeni yake uchochoro ulioelekea geti la nyuma. Nilikaa pale asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku. Lin aliliona hilo. Mchana mmoja alivuka barabara akasimama mbele yangu, tukazungumza Kiingereza.

"Mzee, kwa nini unanitazama?"

"Ni mazoea ya kazi yangu ya zamani."

"Najua kazi yako. Laoban ameniambia." Laoban ni bosi, alimaanisha Rehema. "Kwetu, polisi akimtazama mtu hivi, mtu huyo hufungasha vitu vyake."

Alikwenda kula, na alipopotea tu machoni, mkokoteni wa baiskeli uliojaa marobota ukaingia uchochoroni. Aliyeufungulia geti la nyuma alikuwa Hamidu, ambaye asubuhi alituaga kwamba anashinda mtaa wa Yide Lu kununua vifaa vya shule.

Jioni nilimuuliza, "Yide Lu kulikuwaje leo, Hamidu?"

"Watu tele, Mzee. Nimezunguka huko mchana kutwa, miguu haina hali."

Nikanyamaza. Akajaza maneno mwenyewe: maduka aliyoingia, bei alizokataliwa. Rehema alicheka naye.

Siku ya pili nilimchukua Rehema tukakaa uchochoroni kwenyewe. Mkokoteni ulipokuja tulisimama. Rehema alikata kamba ya robota akatoa shati, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Hamidu alitoka getini akatukuta hivyo. Alimtazama Rehema, kisha mimi.

"Dada, umeniletea polisi?" alisema polepole.

"Mazuri uliyapeleka wapi?" Rehema aliuliza.

Alikuwa akiyabadilisha na mabovu hayo Lin akienda kula, na kuyauza palepale mjini. Mzigo ule ulisalimika, ushirika ukavunjika. Lin aliitwa akaelezwa, na Rehema akamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka funguo za ghala juu ya meza, akaondoka. Hakurudi tena.

Rehema alinisindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun. Tukiwa kwenye foleni aliniuliza, "Mjomba, na mimi ulinishuku?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Wewe wa kwanza. Nilifikiri huenda unayauza mazuri kisirisiri umpunje Hamidu, na lawama unamtupia Lin."

Aliurekebisha mkanda wa begi langu.

Sasa naishi Tanga. Wanaotaka kuingia upolisi nawaambia ni kazi ya heshima, na nikirudishiwa ujana nitaifanya tena. Rehema hunitembelea kila akija nyumbani. Ananiletea viatu, ananieleza habari za watoto wake wote. Nikimuuliza biashara, husema, "Inakwenda, Mjomba," kisha huinuka kwenda kutazama kama chai imechemka.