Mtu Aliyebaki Juu ya Shimo

Mbaluka alitoka Matungulu akaja Thika mwaka 1954, wakati viwanda vilikuwa vimepoteza Wakikuyu wengi kwa sababu ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, na matajiri walikuwa wakiandika Wakamba na watu wa magharibi bila maswali mengi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa kubishana. Kanisani aliimba sauti ya chini, na mkewe Wayua alikuwa akisema kwamba hata katika kuimba anajificha nyuma ya wengine.

Alipata kazi katika kiwanda kidogo cha ndoo na karai. Kabla ndoo haijapakwa madini ya kuzuia kutu, ilichovywa kwanza kwenye pipa la asidi, ambayo wafanyakazi waliiita maji makali. Maji makali yakichoka yalimwagwa katika shimo nyuma ya kiwanda. Shimo hilo lilijengwa kwa simiti, na mtu akisimama ndani kichwa chake hakikuonekana. Kazi ya Mbaluka ilikuwa huko nyuma. Aliyapoza maji ukali kwa chokaa, akayafungulia yaingie kwenye mfereji, kisha akashuka kwa ngazi kuzoa matope yaliyobaki chini.

Mwanzoni walitumia chokaa ya kuchomwa, ile ya wajenzi. Ilikuwa na ukali wake. Ilikula vidole vya mtu mwenye jasho, na siku moja upepo uliipeleka usoni mwa Nicanor, mfanyakazi kutoka Kakamega, ikaharibu jicho lake la kushoto. Walimwosha kwa maji mengi lakini jicho halikurudi. Baada ya hapo tajiri akaacha chokaa ya kuchomwa. Akaanza kununua chokaa mbichi, yaani jiwe lenyewe la chokaa lililosagwa tu bila kupitia motoni.

Kila mtu alifurahi. Unga huo ungeweza kuushika kwa mikono iliyolowa na usihisi kitu. Ulikupigisha chafya, ukakuwasha macho kidogo kama vumbi lolote, na jioni ulirudi nao nyumbani umepauka kama mtu aliyetoka kinuni. Nyapara aliwaambia wajifunge kitambaa puani, na hilo ndilo onyo pekee walilopewa. Wayua alikung'uta shati la mumewe mlangoni na kusema kwamba angalau sasa haliungui.

Tofauti moja waliiona. Ile chokaa ya kwanza ilipotiwa kwenye maji makali, ilipasha maji moto na kutulia. Hii mbichi ilichemka bila moto. Ilitoa povu jingi, likapanda na kuvuma kama chungu cha pombe. Povu likiisha, maji yalikuwa yamepoa ukali. Hakuna aliyejiuliza ule mvumo ni wa nini na kilichotoka kimekwenda wapi. Kazi hiyo waliifanya Jumamosi, na matope yalizolewa Jumatatu.

Mwaka uliofuata Mbaluka alimwombea kazi shemeji yake, Kiilu, mdogo wake Wayua. Kiilu alikuwa kijana wa maneno mengi na mkono mwepesi, mwana wa kiume wa pekee wa mama yake, Ndunge. Akawekwa nyuma pamoja na Mbaluka na Wamalwa, Mbukusu mwenye mabega mapana ambaye alikuwa amezoeana na Mbaluka tangu siku ya kwanza. Wayua aliwapikia wote watatu. Kwa muda nyumba yao ya mtaa wa Majengo ilikuwa na kelele kuliko ilivyozoea.

Mvua za masika zilipoanza, nyapara aliagiza shimo liezekwe mabati ili lisijae. Mabati yaliwekwa chini, karibu na ukingo, na pande tatu zikazibwa. Upepo ukawa haufiki tena pale.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki. Kulikuwa na ndoo nyingi za kupeleka Nairobi, na pipa la asidi lilihitaji kubadilishwa upesi. Wakayamwaga maji makali shimoni asubuhi, wakatia unga gunia baada ya gunia. Povu lilipanda mpaka karibu na ukingo. Lilipotulia, wakafungua mfereji. Nyapara akasema matope yazolewe hapo hapo, ili shimo liwe tayari kwa pipa la pili. Ilikuwa zamu ya Mbaluka kushuka, lakini alikuwa bado anahangaika na mlango wa mfereji uliokwama. Kiilu akachukua beleshi, akateremka ngazi huku akisimulia jambo fulani la huko kwao.

Maneno yake yalikatika katikati. Mbaluka alipogeuka, alimwona shemeji yake amekaa chini ya ngazi kama mtu aliyechoka. Kisha akalala kwenye matope. Hakupiga kelele, wala hakukohoa.

Wamalwa alitupa gunia na kukimbilia ngazi. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu yake Mbaluka alipomkamata kiunoni kwa nyuma na kumvuta. Wakaanguka wote wawili kwenye simiti. Wamalwa alimpiga kiwiko cha kifua, akamtukana kwa Kibukusu, akajaribu kuinuka. Mbaluka hakumwachilia.

"Niachie! Ni shemeji yako yule!"

"Hushuki," Mbaluka alisema. "Leteni ile ndoano."

Ndoano ilikuwa chuma kirefu cha kuopolea ndoo ndani ya pipa. Ikaletwa. Watu wengine walikuwa wamefika, na Mbaluka aliwaambia wang'oe mabati. Walimnasa Kiilu kwenye mshipi wa suruali, wakamvuta hadi ukingoni, wakamlaza mvuani. Walimkandamiza kifua kwa muda mrefu. Mwili wake haukuwa na jeraha hata moja. Mpaka gari la hospitali lilipofika, alikuwa ameshakufa.

Siku chache baadaye alikuja mkaguzi wa viwanda kutoka Nairobi, Mzungu mwenye koti la mvua. Akateremsha taa ya kandili shimoni kwa kamba, juu ya povu jipya. Taa ikazimika kabla ya kufika nusu. Kupitia kwa karani aliwaeleza kwamba jiwe la chokaa likikutana na asidi hutoa hewa nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, na hukaa chini ya shimo kama maji. Anayeingia humo hukosa pumzi mara moja, na anayemfuata humfuata kweli. Mahali penye upepo haina neno, lakini shimoni inaua. Akasema kwamba yule aliyemshika mwenzake amefanya jambo la busara, akauliza alijuaje.

Mbaluka akajibu kwamba hakujua. Alimwona mtu anaanguka bila sauti, na miguu yake ikakataa.

Karani alitafsiri, lakini kiwandani watu waliendelea kusema kwamba Mbaluka alijua. Kwao Matungulu waliyasema mengine. Walisema kijana alikufa shemeji yake akiwa amesimama juu, na kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi nyingine, ya kumzuia aliyetaka kumwokoa. Mazishini alichimba kaburi pamoja na wengine na hakuna aliyemkabidhi sepetu. Alilazimika kuiokota mwenyewe. Wayua hakurudi naye Thika. Alisema atabaki kumsaidia mama kupalilia, na Mbaluka hakumuuliza ni mpaka lini.

Kujieleza kwa mama mkwe hakukuwezekana. Kwa desturi yao mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala haketi naye nyumba moja wakaongea. Mtu mwingine ilibidi azungumze kwa niaba yake, na jamaa wote waliofaa walikuwa wamekwisha kuamua.

Aliyekwenda ni Wamalwa. Hakutumwa na mtu. Siku zile za kwanza baada ya ajali alikuwa hasemi na Mbaluka, ingawa walifanya kazi bega kwa bega. Kisha alimsikia mkaguzi, akaiona taa ikizimika. Jumapili moja alipanda basi la Kangundo linalopita Matungulu, akauliza njia kwa Kiswahili mpaka akafika kwa Ndunge. Alimkuta mama huyo na Wayua wakichambua maharagwe uani.

Aliwaeleza yote, pamoja na ile hewa ya shimoni. Ndunge alisikiliza bila kuacha kuchambua. Wayua alitafsiri pale Kiswahili cha mama yake kilipokwama.

"Angeniachia, mama," Wamalwa alisema, "mngezika mmoja hapa, na mama yangu angezika mwingine kule Kimilili."

Ndunge aliuliza alishikwa wapi. Wamalwa akaonyesha kiuno.

"Alikushika na nguvu?"

"Nilikaa na alama wiki nzima."

"Kumbe mikono yake ina nguvu," Ndunge alisema. Wamalwa alipewa uji, akanywa, akasindikizwa na Wayua mpaka barabarani. Njiani Wayua aliuliza jambo moja tu, kama mumewe anakula vizuri. Wamalwa akasema hapana, chakula hukibakiza. Baada ya kuvuna Wayua alirudi Majengo na mzigo wake. Mbaluka akampokea mzigo, akamtengea nafasi.

Kiwandani mambo yalibadilika. Mabati hayakurudishwa, unga ukatiwa kidogo kidogo, na hakuna aliyeshuka kabla ya kandili kushuka na kurudi ikiwaka. Anayeshuka alifungwa kamba, na mtu mmoja alibaki juu akiishika, akikatazwa kushuka hata itokee nini. Tajiri alimpa Mbaluka kazi hiyo ya kushika kamba, akiona ndiye anayefaa. Mbaluka aliifanya kwa uangalifu, na aliichukia. Mwaka 1957 Wamalwa alipopata kazi katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, Mbaluka alimfuata. Huko alianika kahawa kwenye meza za waya, kazi ya kugeuza na kufunika, juani, penye upepo.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, ujumbe ulikuja Ruiru kupitia kwa mtu wa kanisani. Ndunge alikuwa anasema ghala lake la mahindi limeoza miguu na hana mwana wa kulijenga. Hakumtaja mtu. Wayua alimwambia mumewe hayo walipokuwa wakila, akamwangalia.

Mbaluka aliomba ruhusa akaenda. Alikata miti mipya, akainua ghala, akaezeka. Mama mkwe alikaa ndani muda wote kama inavyopasa. Mchana alikuta isyo ya moto imewekwa kwenye kigoda chini ya upenu, mahindi na maharagwe, na maji ya kunawa kando yake. Alinawa akala, akamaliza kazi. Alipokuwa anafunga zana zake, sauti ya Ndunge ilitoka ndani ya nyumba ikisema kwamba mwaka ujao ua pia utahitaji mtu.

Akaitika kwamba amesikia, akaenda kungojea basi.