Miaka Yangu ya Kuhakiki Dondoo za Kamusi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya kuchapisha kamusi, sikupewa meza. Mhariri Mkuu, mama mrefu mwenye mvi aliyeogopwa ghorofa nzima, alinipeleka moja kwa moja kwenye rafu za kamusi kuukuu za Kiingereza. "Soma hizi mpaka uchoke," akaniambia. "Ukichoka, ndipo tutaanza kazi." Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Dodoma na shahada yangu ya isimu, na hadi siku hiyo Toronto ilikuwa imenipa baridi tu.

Nilisoma. Watungaji wa zamani hawakutosheka na fasili, yaani maelezo ya maana ya neno. Chini yake waliweka dondoo: sentensi ya mshairi, mhubiri au mwanahistoria, ili msomaji alione neno likifanya kazi. Siku moja nilimpelekea Mhariri Mkuu dondoo tamu, ya kishairi kabisa. Akaisukuma pembeni. "Sitaki sentensi nzuri. Nataka sentensi ambayo ukiliondoa neno, yote inaanguka."

Kutoka Kitengo cha Usomaji, kilichokusanya dondoo, nilihamishiwa Uhakiki, na baada ya miaka michache nikawa mhakiki mwandamizi. Tulikuwa tukitayarisha kamusi mpya iliyorithi dondoo nyingi za zamani. Kazi yetu ilikuwa kuirudisha kila dondoo kwenye kitabu ilikotoka, maana wale wazee walikuwa wepesi wa mkasi. Walifupisha sentensi ili ienee kwenye safu, na pengine mkasi ulipita mahali pabaya.

Ndivyo nilivyofika kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya kuridhika. Dondoo yake ilisema kwamba mtumwa wa shambani huridhika na hali yake. Niliitazama kwa muda. Kurasa zilikwisha kupangwa, na wachapaji walikuwa wakingoja. Nikachukua koti, nikapanda treni hadi maktaba ya chuo kikuu, nikaomba kitabu chenyewe. Mwandishi alikuwa amesema kwamba anayedai mtumwa huridhika hajawahi kumuuliza. Mtungaji alikuwa amekata mwanzo na mwisho, akabakiza uongo ambao mwandishi aliupinga. Nilirudi ofisini nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja.

Mkurugenzi wa Uchapishaji hakufurahi. "Sentensi nzima inataka mistari miwili zaidi, na safu imejaa. Iacheni. Imekaa kwenye kamusi miaka yote hiyo."

"Ndiyo sababu itoke," nikamjibu.

Mhariri Mkuu alivua miwani, akanigeukia. "Tafuta nafasi kwenye ukurasa huohuo, bila kugusa mwingine. Ukipata, nitatia sahihi."

Ukurasa huo ulikuwa pia na neno lenye maana ya kushindana, na dondoo yake nilikuwa nimeihangaikia mwenyewe majuma mengi. Niliipenda kama mwanangu. Nikaifuta, na sentensi ya yule mwandishi ikaingia nzima mpaka nukta. Mkurugenzi aliisoma mara mbili. "Afadhali hivi," akasema, akaondoka nayo.

Baadaye watu waliacha kununua kamusi za karatasi, idara ikafungwa, nami nikastaafu. Sisikitiki. Tuliifanya kazi ile vizuri, na aliyejifunza kumsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi hakosi kazi.

Sasa vijana wa hapa Pickering, mji ninakoishi karibu na Toronto, wanakusanya maneno ya Kiswahili kwenye kompyuta, nami nimewaambia dondoo zetu zitoke pia kwa wasemaji ambao hawajaandika vitabu. Ndipo nikaenda Parkdale, mtaa wa Toronto, kwa mama mmoja wa Kikongo, mtunza wazee. Alikitazama kinasa sauti changu bila kunikaribisha.

"Mutaandika yote nitasema?"

"Yote, mama. Hatukati."

Akavuta kiti. "Basi, ikala hapa. Ni mingi."

Nikakaa.