Mume Aliyekataliwa Mara Tatu

Kazini walimwita Chekeche, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Babake alikuwa fundi saa, na tangu binti yake akiwa mdogo alikuwa akimkabidhi saa aliyokwisha kuitengeneza na kumwambia, "Haya, nitafutie kosa." Mtoto akilipata, baba alicheka mpaka miwani ikaanguka. Asipolipata, mtoto alinuna mpaka chakula cha jioni. Mazoea hujenga tabia: alipokua akawa mhandisi wa programu, na kazi aliyoipenda kuliko zote ikawa kusoma kazi za wenzake na kutafuta palipovuja.

Alikuwa mtunzaji wa sehemu moja ya kiini cha mfumo endeshi. Kiini ndiyo ile programu ya ndani kabisa ya kompyuta, inayoamua nani apewe diski, nani apewe kumbukumbu, na nani asubiri zamu yake. Kiini hiki kiliandikwa hadharani na watu wa nchi nyingi. Yeyote aliweza kutuma badiliko, ambalo wenyewe huliita kiraka, lakini kiraka hakikuingia mpaka mtunzaji akisome mstari kwa mstari na kuridhika. Upande wa diski, aliyekaa mlangoni alikuwa Chekeche.

Sasa, kati ya waliotuma viraka mwaka ule alikuwamo mume wake.

Mume huyu, mrefu, mpole, mwenye kupiga miluzi akifikiri, alikuwa ameudhiwa na jambo moja. Mtu akichomoa flashi katikati ya kunakili faili, kompyuta nzima iliganda. Akaandika dawa yake, akaituma kwenye jukwaa la wote kama mtu mwingine yeyote. Nyumbani walikuwa wamekubaliana zamani: habari za viraka haziingii chumbani wala mezani. Kila neno husemwa jukwaani, mbele ya wote, ili asiwepo wa kusema kwamba huyu kapitishwa kwa sababu ya ndoa.

Chekeche alikisoma kiraka cha kwanza huku anatabasamu, kisha tabasamu likakauka. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulifunga kufuli ili programu mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja, lakini kosa likitokea katikati, uliondoka bila kulifungua. Wengine wote wangesubiri mlangoni milele. Akakirudisha. Kiraka cha pili kilifungua kufuli vizuri, ila kiliachilia kipande cha kumbukumbu ambacho bado kilikuwa kinatumika. Akakirudisha pia. Cha tatu kilikuwa safi isipokuwa jambo moja: Chekeche alitaka kufuli la kifaa, yaani flashi, lifungwe kabla ya kufuli la foleni ya kazi zinazokisubiri, si baada yake. Akaandika kwa upole, akakirudisha.

Siku hiyo mume alikunywa chai bila kupiga mluzi.

Mama yake alipompigia simu kumjulia hali, yeye, bila kufikiri, alijibu, "Mzima, mama, ila mke wangu amenikataa tena. Mara ya tatu hii. Mbele ya watu wote."

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, hodi ikapigwa. Chekeche alipofungua akamkuta mama mkwe na shangazi wa mumewe, kila mmoja na begi la nguo, nyuso nzito kama za watu wanaokwenda msibani.

"Karibuni! Mbona hamkusema mnakuja?"

"Mwanangu," alisema mama mkwe akikaa kwenye ukingo wa kiti, "hatukuja kusuta, tumekuja kusuluhisha. Ni kweli umemkataa mume wako?"

Chekeche alidhani wanauliza habari za kazi. "Ni kweli, mama. Mara tatu."

Shangazi akashika kichwa. "Na mbele za watu?"

"Ndiyo utaratibu, shangazi. Mara ya kwanza alisahau kufungua kufuli."

"Kufuli!" Shangazi aliruka. "Kwa ajili ya kufuli mtu anamkataa mumewe? Si angepiga hodi tu?"

Mume alikuwa ametokea mlangoni na mswaki mdomoni. Alimtazama mama yake, akamtazama shangazi yake, akayatazama mabegi, na mambo yakamfungukia. Alicheka mpaka povu la dawa ya meno likamchafulia fulana. Chekeche naye alipoelewa, ilibidi akae sakafuni.

Ilichukua birika zima la chai kuwaeleza wale wazee. Mama mkwe alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu akikosea, inaganda kompyuta ya nani?"

"Ya kila mtu, mama."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Basi si urekebishe!"

"Nimerekebisha," alisema mume. "Safari hii aliyekosea ni yeye."

Kwa mara ya kwanza sheria ya nyumba ilikuwa imevunjwa, tena mbele ya mashahidi.

"Nionyeshe," alisema Chekeche.

Mume akaleta kompyuta mbili kuukuu, akaziweka kati ya vikombe. Moja ilikuwa na msimbo wake wa tatu, kwenye nyingine alikuwa amefuata agizo la mkewe. Zote zikaanza kunakili picha za harusi yao kwenye flashi. "Shangazi, chomoa hiyo. Mama, wewe chomoa hii."

Wakachomoa. Kompyuta ya shangazi ilitoa onyo, ikaendelea na shughuli zake. Ya mama mkwe, ile iliyofuata agizo la Chekeche, iliganda kama jiwe.

"Nimeiua!" alilia mama mkwe.

"Hujaiua, mama. Kuna mahali pengine kwenye kiini, mbali kidogo, ambapo foleni hufungwa kwanza, kifaa baadaye. Tukigeuza mpangilio hapa, mmoja anashika kifaa anangoja foleni, mwenzake ameshika foleni anangoja kifaa. Watangojana mpaka kiama."

Chekeche alivuta kompyuta yake akapatafuta mahali hapo. Akasoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mistari. Palikuwepo, wazi kabisa, na yeye mtunzaji alikuwa amepasahau. Alitazamia kuona aibu, lakini kilichompanda kifuani kilikuwa furaha tupu, ile iliyokuwa ikimwangusha babake miwani kila binti alipolipata kosa.

"Umenipata," alisema. "Umenipata kweli!"

Akaandika jukwaani, huku shangazi akisoma kwa sauti juu ya bega lake: "Nilikosea kuhusu mpangilio wa makufuli. Mwandishi yuko sahihi. Naomba aongeze maelezo mafupi juu ya kufuli la foleni, ili mwingine asije akajikwaa nilipojikwaa mimi."

"Bado anadai!" alisema mume.

"Maelezo ni sentensi mbili tu, mume wangu. Andika."

Akaandika, akatuma. Chekeche akasoma kila mstari upya, tangu juu hadi chini, bila haraka, wakati watu watatu wamemzunguka wamebana pumzi. Kisha akabonyeza kukubali. Shangazi alipiga makofi mpaka vijiko vikaruka mezani, na mama mkwe akamkumbatia mkwewe kwanza, mwanawe baadaye.

"Sasa haya mabegi tuliyabebea nini?" aliuliza shangazi.

"Kaeni," alisema Chekeche. "Kaeni wiki nzima."

Wakakaa. Mume alikwenda jikoni kuongeza maji kwenye birika, na kutoka huko ukasikika mluzi mrefu, wa wimbo ambao hakuna aliyeutambua.